Dadu Iliyopenda Tatu

Ofisini walimwita Gramu, na yeye hakuona ubaya wowote. Jina hilo lilizaliwa siku aliyofungia mizani ya muuza nyama kwa kupungukiwa gramu mbili, ilhali mwenye bucha alikuwa amekwisha kumvutia kiti, kumfungulia soda na kuanza kumsimulia habari za watoto. Soda Gramu aliikataa. Watoto aliwaulizia mmoja mmoja, mpaka yule mdogo aliyekuwa anaota meno. Kisha akaifunga mizani kwa waya na muhuri, akaaga kwa adabu, akaenda duka la pili.

Alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye sanduku la mawe ya kupimia ya shaba yaliyolala kwenye vitundu vya mahameli kama mayai. Alipohamishiwa mji huu, miezi minane ilipita hana hata mtu mmoja wa kupiga naye soga. Jumamosi alishinda nyumbani akitengeneza vitu vizima. Mkewe aliivumilia kazi ya saa ya ukutani, akaivumilia ya bawaba za kabati, lakini siku aliyomkuta anapima vijiko vya chai kimoja kimoja kuona kama vinalingana uzito, alitoka nje akampigia simu kaka yake.

"Njoo umchukue shemeji yako," alisema. "Popote unapokwenda Jumamosi, nenda naye."

Kaka mtu alikuwa mwalimu wa jiografia, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na kifua chake. Jumamosi alasiri alikuwa na shughuli yake ambayo ndugu zake hawakuwahi kuielewa sawasawa. Njiani alijaribu kumweleza Gramu. Ni mchezo, alisema, ila hauna ubao wala karata. Mtu mmoja anasimulia, naye ndiye yeye mwalimu: anasimulia nchi ya kubuni yenye milima, mapango na wafalme wakorofi. Wengine wote wanakuwa watu ndani ya simulizi, na kila mmoja anaamua mtu wake afanye nini. Akitaka kufanya jambo lisilo na uhakika, kama kuruka shimo au kumdanganya askari, anarusha dadu yenye pande ishirini. Namba kubwa, jambo limefaulu. Namba ndogo, limeharibika. Ishirini ni maajabu, moja ni msiba.

Gramu akauliza nani anashinda. Mwalimu akasema hakuna anayeshinda. Wamecheza miaka kumi na moja na bado hawajamaliza.

Gramu alitembea hatua kadhaa akiitafakari habari hiyo, kisha akauliza kama hizo dadu zimekaguliwa. Shemeji yake alicheka, akidhani ni mzaha.

Walichezea chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani. Meza ilikuwa ile ile ya kukatia nguo, imetandikwa kitambaa kizito cha kaki kilichojaa mistari ya chaki. Vyerehani viwili vilikuwa vimefunikwa, magauni yasiyo na mikono yakining'inia ukutani, na ukiweka kiwiko bila kuangalia, pini ilikukumbusha uko wapi. Fundi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye maneno machache, na tepu haikumtoka shingoni hata akiwa amepumzika. Mbali na yeye walikuwepo wawili. Nesi alikuwa kijana wa kiume wa wodi ya mifupa, mpole, mikono yake ikinukia sabuni muda wote. Wa pili alikuwa fundi umeme aliyeitwa Waya, bonge la mtu, asiyeweza kukaa dakika tatu bila kugusa kitu.

Kabla hajafundishwa mchezo, Gramu alifundishwa adabu za dadu, na hizo ndizo zilikuwa ndefu. Dadu ya mtu haiguswi na mtu mwingine. Ikianguka chini, mwenyewe ndiye anayeinama, hata kama imeangukia kiatuni kwako. Namba haitajwi kabla dadu haijatulia. Waya alikuwa akizilaza dadu zake na upande wa ishirini juu, wiki nzima, juu ya kabati lake, ili zizoee kukaa hivyo. Dadu iliyomwaibisha aliitia jela, ambayo ilikuwa chupa ya vidonge yenye kifuniko cheupe, na kifungo hakikupungua wiki mbili. Nesi alizifuta zake kwa spiriti kabla ya kuanza, na kama siku hiyo mgonjwa alimfia, alirusha kwa mkono wa kushoto. Mwalimu mwenyewe, msomi, mtu wa ramani, alikiri kwamba hajawahi kurusha dadu akiwa amevaa shati la kijani tangu jambo fulani lilipotokea, na jambo lenyewe hakulitaja.

Gramu alisikiliza kama anayesomewa kanuni za ofisi mpya. Hakucheka, na hilo liliwapendeza. Alipoulizwa anataka kuwa nani katika ile nchi, kwamba anaweza kuwa mtu yeyote, mchawi, shujaa, mtoto wa mfalme, alifikiri kwa muda akasema mkaguzi wa mizani. Wakamsihi. Mwishowe wakakubaliana awe mlinzi wa daraja, mwenye rungu na viatu vizuri, aliyechoka kukaa pale pale akaamua kufuatana na wasafiri. Wasafiri ndio hao: Waya alikuwa jambazi aliyetubu, Nesi alikuwa jitu linaloogopa damu, na Fundi alikuwa mpiga mishale wa kike mwenye jicho moja.

Dadu ya Fundi ndiyo iliyoheshimiwa kuliko zote. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyochacha, kona zake zimelika, na namba nane haikusomeka vizuri. Aliitunza kwenye kikopo cha vifungo, imeviringishwa kipande cha hariri. Hakuwa na nyingine. Wenzake walisimulia habari zake kwa sauti ya chini. Miaka mitano nyuma, mbele ya lango la chuma, wote wakiwa taabani, dadu hiyo ilitoa ishirini mara mbili mfululizo, na Nesi, aliyekuwa ametoka zamu moja kwa moja, alitokwa na machozi. Ilikuwa na baraka, walisema.  Fundi aliiviringisha tu, akafunga kikopo.

Jumamosi ya tano Waya alipatwa na kisirani. Alirusha moja mara tatu katika alasiri moja, na jambazi wake akatumbukia kwenye kisima kile kile mara mbili. Alijaribu kubadili kiti. Alijaribu kusimama. Mwisho aliitia dadu yake nyeusi jela, akamgeukia Gramu, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikatulia.

"Wewe kazi yako ni hii," alisema. "Naomba unipimie. Kama ina hila nijue."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kumwomba Gramu amkagulie kitu. Watu walimwona anakuja wakafunga duka, au wakakumbuka wana msiba. Alijibu kwa sauti kavu kwamba atalishughulikia, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, na njia nzima hakuzungumza. Mwalimu alidhani amekasirika.

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi. Alisoma kwamba dadu nyeusi, mali ya fundi umeme, imepimwa upana kwa pande zote na tofauti haifiki unene wa unywele. Imewekwa ielee kwenye glasi ya maji yenye chumvi vijiko kumi na viwili, ikasukumwa chini mara mia, na haikuonyesha kupendelea upande wowote ilipoibuka. Kwa hiyo ni sahihi na inafaa kutumika. Akaweka karatasi mezani. 

"Kwa hiyo ni mimi," Waya alisema.

Gramu hakuwa amelifikiria hilo. Alisema vipimo vyake havihusu watu. Waya alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali, akaitoa dadu jela, akaiomba radhi, nusu kwa utani. Nesi akasema ya kwake asipimiwe, maana yapo majibu ambayo mtu anaishi vizuri tu bila kuyajua, na aliyasema hayo kama mtu wa hospitali. Mwalimu naye alikumbuka ghafla kwamba wamechelewa kuanza.

Ndipo Fundi alipofungua kikopo, akakitoa kile kipande cha hariri na kilichokuwa ndani yake, akamsogezea Gramu.

"Na hii," alisema. "Uniandikie na mimi karatasi."

Hakuna aliyewahi kuona dadu hiyo ikitoka mkononi mwake. Gramu aliiweka kwenye bahasha, akaandika juu ya bahasha tarehe na saa.

Kazi aliifanya Jumapili baada ya chai ya asubuhi, mkewe akiwa mkabala naye na kalamu. Kwenye maji ya chumvi dadu iliibuka inaonyesha tatu. Akaisukuma ikazama, ikajigeuza taratibu kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia, ikaibuka na tatu. Aliisukuma mara ishirini, ikaibuka na tatu mara kumi na tano. Akaifuta, akaanza kuirusha mezani, mkewe akiandika. Kama ni dadu ya haki, kwa marushio mia sita kila namba ingetokea kama mara thelathini. Tatu ilitokea mara sitini na nne. Ishirini ilitokea mara kumi na moja. Ndani yake kulikuwa na kasoro, labda kiputo cha hewa tangu kiwandani. Upande mmoja ulikuwa mwepesi kuliko mwingine, na hapakuwa na ubishi.

Mkewe aliweka kalamu chini. Alimfahamu mumewe, akaona ni vizuri kuanza mapema.

"Ukimwandikia ni nzima," alisema, "ataumia nani?"

Gramu alisema haiwezekani.

"Yule mama ana kitu kimoja tu anachokipenda pale mezani."

"Najua."

"Na wewe una Jumamosi moja tu kwa wiki."

Hilo nalo alilijua, ila hakutarajia kulisikia likisemwa. Alikaa na ile dadu kiganjani mpaka chai iliyobaki ikaota ngozi juu. Aliona kwamba akiandika ni nzima, karatasi ya Waya itakuwa uongo pia, kwa sababu itakuwa imeandikwa na mtu yule yule. Akaona vilevile kwamba hataki kwenda kuisoma karatasi nyingine mbele ya watu. Basi Jumatatu, saa ya mapumziko ya mchana, alikwenda dukani peke yake.

Fundi alikuwa na pini nne mdomoni, anapandisha pindo la sketi iliyovalishwa mtu wa mbao asiye na kichwa, wa kujaribia nguo. Alimwonyesha kiti kwa jicho. Gramu hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, tangu chumvi mpaka hesabu, bila kupamba na bila kupunguza, kama alivyowaeleza wenye maduka mamia. Alipomaliza, Fundi aliendelea na pindo mpaka pini zikaisha mdomoni.

"Uliirusha wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Mezani."

"Ilitandikwa kitu?"

"Hapana. Mbao tupu."

"Nani alikuwa anarusha?"

"Mimi. Mke wangu alikuwa anaandika."

Fundi alirudi nyuma hatua moja, akaangalia kama pindo limenyooka. "Basi wewe umepima meza yako na mkono wako," alisema. "Dadu yangu hujaipima."

 Damu ilimpanda Gramu usoni. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa kazini, ile aliyowahi kuigombania na mkubwa wake aliyetaka wafanyabiashara wabebe mizani zao mpaka ofisini, ilisema kwamba kipimo hukaguliwa pale kinapotumika, juu ya meza kinapokaa siku zote, na mkononi mwa yule anayekitumia. Miaka kumi na tisa. Na sasa anakumbushwa na mtu mwenye sindano kolani.

Alisema mama ana haki kabisa. Akaomba aruhusiwe kurudia.

Wakarudia. Siku nne, kila mchana, kuanzia saa saba mpaka saa nane, marushio mia na hamsini kwa siku. Fundi alirusha juu ya kaki yake, kwa namna yake, ambayo ilikuwa kuibingirisha dadu kidogo kwenye kiganja kama anayelainisha uzi. Gramu aliandika. Mteja akiingia walisimama. Fundi akampima mtu kiuno, akarudi, akaendelea. Siku ya kwanza hawakuzungumza. Siku ya pili Fundi, bila kuulizwa, alisimulia habari ya koti.

Lilikuwa koti la kijivu la mwanamume, aliletewa apunguze mikono. Mwenyewe alikuwa msafiri, alisema atalipitia Ijumaa, na Ijumaa hiyo haijafika hadi leo. Mwaka wa pili ndipo Fundi alipolifungua kuokoa bitana, akakuta mfuko umetoboka na kitu kidogo kimepenya kikakaa chini kabisa, kwenye pindo. Alidhani ni kipuri cha mashine. Alikiweka dirishani. Mwaka huo mabinti zake wawili waliolewa kwa kupishana miezi mitatu, na nyumba ikabaki na mlio wa cherehani tu. Ikawa akimaliza kazi anaendelea kukanyaga pedali bila kitambaa. Kisha siku moja mwalimu mmoja wa jiografia alikuja kupunguza suruali, akakiona kile kitu dirishani, akasahau suruali. Alikuwa ametafuta watu wa kucheza naye tangu chuoni.

"Nikamuuliza unachezwaje," alisema Fundi. "Akakaa pale ulipokaa wewe. Akaniuliza nataka kuwa nani."

Akarusha. Gramu akaandika tatu.

Siku ya tatu Fundi alianza kuisoma namba kwa sauti mwenyewe kabla Gramu hajainama. Siku ya nne alichukua chaki, na kila ilipotoka tatu alichora mstari mdogo pembeni mwa meza. Saa nane kasorobo walimaliza. Tatu, mara hamsini na nane. Ishirini, mara kumi na mbili. Mistari ya chaki ilijaa upande mzima wa meza, na hakuna kati yao aliyejifanya haioni.

Fundi aliketi. Gramu alimwona anahesabu nyuma, miaka kumi na moja ya Jumamosi, mishale yote iliyokwenda kando, milango yote iliyokataa kufunguka, na akajilaumu kwa kuzaliwa na jicho la namna hii. Alitamani aseme neno. Neno pekee alilokuwa nalo lilikuwa kwamba kosa si lake wala si la dadu, ni la kiwanda. Alilisema. Fundi aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa anamsikiliza.

"Ile siku ya lango," alisema baadaye. "Ishirini mbili. Zilitoka kweli?"

"Watu wanne waliziona."

"Lakini kwa hii, ishirini ni ngumu."

"Ni ngumu sana, mama. Mbili mfululizo ni jambo la nadra mno."

Fundi aliichukua dadu akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuzageuza, akatafuta upande wa ishirini.

"Basi ilijitahidi," alisema.

Gramu alikuwa na jibu. Dadu haina nia. Dadu ni kipande cha plastiki chenye kiputo. Alimtazama yule mama anavyokiviringisha kile kipande cha hariri, taratibu kuliko siku zote, na jibu lake likabaki lilipokuwa. Alichukua karatasi, akaandika kwamba dadu nyeupe, mali ya fundi cherehani, imepimwa mahali pa matumizi, inapendelea tatu. Mahali pa kuandika inafaa au haifai, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliacha wazi.

Jumamosi Fundi aliwatangazia wenzake mwenyewe, kwa sentensi mbili, akiwamiminia chai. Habari iliwaangukia vibaya. Nesi alisogeza kiti chake, kidogo tu, kwa adabu. Mwalimu alianza kuhesabu kwa sauti ni mara ngapi katika miaka hiyo aliwapunguzia maadui ukali bila kujua kwa nini. Waya alipendekeza dadu hiyo ihamishiwe upande wa maadui, ambako ingefaa sana, na Fundi alimwangalia mpaka akaondoa pendekezo. Kisha wakaanza, kwa kuwa hakukuwa na jingine la kufanya.

Walikuwa wanavuka korongo kwa daraja la kamba. Katikati ya daraja walishambuliwa, na mlinzi wa daraja, ambaye katika maisha yake yote ya kubuni hakuwahi kuliacha daraja likamshinda, alipigwa jiwe la bega, mbao ikakatika chini yake, akabaki amening'inia kwa mkono mmoja. Jitu la Nesi lilikuwa mbali. Jambazi alikuwa ameshikilia kamba kuu. Aliyebaki ni mpiga mishale: apige mshale wenye uzi upenye mkanda wa mlinzi na kujikita kwenye nguzo. Mwalimu alifikiri, akasema inatakiwa kumi na tatu au zaidi.

Waya aliangalia dadu yake nyeusi. Aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye meza hiyo: aliisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Fundi.

"Hii ina karatasi," alisema.  "Tumia."

Nesi aliinamisha uso. Mwalimu alisema sheria zinaruhusu, ingawa wote walijua kwamba sheria zinazohusika hakuzitunga yeye. Fundi alizitazama dadu zote mbili, yake na ya Waya, zimekaa kwenye kaki karibu karibu. Akamgeukia Gramu.

"Anayekufa ni mtu wako," alisema. "Nirushe ipi?"

Gramu alizijua hesabu. Kwa dadu ya Waya, arobaini kwa mia. Kwa hii, na alikuwa na marushio elfu moja na mia mbili ya kuthibitisha, ilikuwa thelathini na moja. Mtu mwenye akili timamu hakuwa na cha kufikiri. Alijikuta ameshikilia ukingo wa meza, akagundua kwamba anaogopa. Anaogopa kweli, kwa ajili ya mtu mwenye rungu ambaye wiki saba zilizopita hakuwepo. Aliona mistari ya chaki ambayo Fundi hakuifuta.

"Rusha yako," alisema.

Fundi hakumuuliza mara ya pili. Aliibingirisha kiganjani, akarusha. Dadu ilikwenda mbali kuliko kawaida, ikagonga mkasi, ikarudi, ikasita kwenye mshono wa kitambaa, ikalala.

Tatu.

 Waya aliirudisha dadu yake polepole. Fundi alimgeukia Gramu akamwomba msamaha, rasmi kabisa, kama mtu aliyeunguza suruali ya mteja kwa pasi.

"Imefanya kama ilivyopimwa," Gramu alisema.

Mwalimu alimsimulia mlinzi akianguka. Alichukua muda, na ile sauti yake nene ikapata kazi inayoifaa. Ukungu ulikuwepo, na mto chini kabisa, na rungu lililofika kwanza. Kisha Gramu akadhani wataendelea na safari, kwa kuwa bado kulikuwa na mfalme wa kumwondoa. Lakini Nesi alisema jitu lake haliendi popote, linateremka kumfuata. Damu je? Mwalimu aliuliza. Nesi alisema litafumba macho. Likateremka, Waya akishika kamba, wakambeba marehemu mpaka ukingoni, na hapo ukaanza ubishi wa mahali pa kumzika. Fundi alitaka upande wa walikotoka, karibu na kwao. Waya alitaka upande wa walikokuwa wakienda, ili asiwe amekuja bure. Walibishana nusu saa nzima. Gramu, aliyekuwa na mawazo kuhusu kina cha kaburi, aliinua mkono kuchangia, akaambiwa na wote kwa pamoja kwamba wewe umekufa, tulia. Akatulia. Fundi alimwongezea chai bila kumuuliza.

Alirudi nyumbani jua bado halijazama. Mkewe alikuwa anakunja nguo sebuleni. Alimwangalia usoni akaacha kukunja.

"Vipi?"

"Nimekufa," Gramu alisema, akakaa.

Akaulizwa imekuwaje, akaeleza: mbao, jiwe la bega, kumi na tatu au zaidi. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, na mkewe, ambaye kwa miezi minane alikuwa amemsikia akisimulia uzito wa mifuko ya saruji tu, alisikiliza shuka ikiwa imemlalia mapajani. Aliuliza wamemzika wapi. Gramu alisema upande wa mbele, karibu na nguzo, Fundi alikubali mwishoni.

"Na viatu?" mkewe aliuliza. "Si ulisema ulikuwa na viatu vizuri?"

"Viatu kachukua Waya."

Mkewe alisema hayo si mambo ya kufanya, hata mwili haujapoa. Gramu alimtetea. Vilikuwa vipya, alisema, na yule bwana ametembea peku tangu alipotumbukia kisimani. Kisha akavuta upande wa pili wa shuka, wakaikunja pamoja, pembe kwa pembe, huku akimuuliza mkewe, lau angekuwa mahali pake, Jumamosi ijayo angechagua kuwa nani mchezoni.

Mkewe alisema amwache afikiri kidogo.